Mkoba wa Mkwe Mwenzangu Hauna Muhuri

Mpendwa Mama Zelinda,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Scandicci, nje kidogo ya Firenze, na naomba univumilie mwandiko, kwa sababu mkono wangu umezoea brashi kuliko kalamu, na naomba zaidi unisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana kila ninayemweleza habari hii ananikatiza njiani na kuniambia nikaombe radhi, na mimi mpaka leo sijui niombe radhi kwa kosa gani.

Naitwa Fiorenza, nina miaka sitini na moja, mume wangu ametangulia, na kwa miaka thelathini na nane napaka rangi kingo za mikoba katika karakana ya nyumba moja kubwa ya mitindo ambayo jina lake sitalitaja, nimetia saini karatasi ya kutolitaja, ila ukipita Firenze kwenye mtaa wa maduka ya kifahari utauona mkoba wetu dirishani, na ukiuona utaujua. Watu wanadhani mkoba ni ngozi na mshono basi, kumbe ngozi ikishakatwa inaacha ukingo mbichi, na ukingo huo unapakwa rangi, unakaushwa, unasuguliwa kwa msasa, unapitishiwa chuma cha moto, unapakwa tena, mara tano kwa mikoba ya kawaida na mara saba kwa ule mkoba wetu mkubwa tunaouita Nusumwezi, mpaka ukiupitishia kidole huwezi kujua ngozi moja inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nusumwezi nimeupaka wa ngozi ya ndama, wa ngozi ya mbuzi, wa turubai lenye mikanda ya ngozi, wa ngozi ya mbuni yenye vipele vyake, na wa mamba, ambao ngozi yake inaletwa na watu wawili na kuhesabiwa vipande, na sijawahi kurudishiwa hata mmoja. Wake za mawaziri wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka wanashika kazi yangu, Mama Zelinda, wanaibeba kwenye karamu, na mimi nikiwaona kwenye gazeti natazama ukingo tu, uso wa mtu siuoni.

Tena si hivyo tu. Mkoba ukirudi dukani na watu wakautilia shaka, mimi ndiye ninayeitwa. Kila mkoba wetu una muhuri wa nyumba chini ya kifuniko, na namba ndani ya mfuko mdogo kwenye bitana, na siku hizi wajanja wanaiga vyote viwili, lakini ukingo hawauwezi, kwa hiyo wananiletea mezani, nafumba macho, napitisha kidole gumba, nasema wa kwetu au si wa kwetu. Sijakosea hata mara moja.

Sasa sikiliza. Nina mtoto mmoja, Lapo, fundi wa mashine za kukatia ngozi, na mwaka jana alipata mchumba, Costanza, mwalimu wa chekechea, msichana mwenye adabu ambaye akija kwangu anaosha vyombo bila kuambiwa, na harusi imepangwa tarehe kumi na tatu Septemba, kwa sababu Agosti karakana zote zinafungwa na hakuna wa kumwalika. Basi Jumapili ya pili ya Mei nikawaita wakwe waje tule, tujuane, tukawa mezani watu kumi na mmoja, dada yangu Loretta na mumewe Vasco wakiwemo, na nilikuwa nimebandika nyama yetu ya pilipili manga na divai tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mama yake Costanza, Bi Ornella, anatoka Santa Croce, kule kwenye viwanda vya kulainishia ngozi, mwanamke mrefu, mkimya, gauni la bluu, na begani ana Nusumwezi wa rangi ya kahawia iliyokolea. Mungu anisamehe, niliuona mkoba kabla sijauona uso wake, lakini sisi wa kazi hii ndivyo tulivyo, mtu akiingia tunasalimia mkoba kwanza.

Loretta naye mdomo haumtulii, akasema, "Fiore, hebu ona, mkweo kabeba kazi yako."

Bi Ornella akatabasamu, akasema, "Ninao tangu nilipoolewa." Akasema hivyo tu.

Nikafuta mikono kwa aproni, nikamwomba niushike, akanipa kwa mikono miwili. Nikapitisha kidole gumba. Hapakuwa na rangi, Mama Zelinda, hata tone. Ukingo ulikuwa umesuguliwa kwa nta na kipande cha mfupa, mambo ya kizamani ya watu wa matandiko ya farasi, na ulikuwa unateleza, sikatai, lakini Nusumwezi wa nyumba yetu haujawahi kutoka hivyo. Nikafunua kifuniko, muhuri hakuna. Nikaingiza kidole kwenye mfuko mdogo, namba hakuna. Bitana yetu ni hariri, ile ilikuwa kitani. Mshono ulikuwa wa mkono, wa uzi uliopakwa nta, sindano mbili, tundu moja moja la msharasi, mishono yote imelala upande mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa hunijui sura nikwambie ukweli, mishono kama ile mimi mkono wangu haujawahi kuitoa, na wala sijaona karakana nzima mtu wa kuitoa leo, lakini hilo si neno, neno ni kwamba muhuri haukuwepo na namba haikuwepo, na nikasikia joto linanipanda shingoni.

"Bi Ornella," nikasema, na sauti ilitoka ileile ya meza ya ukaguzi, "kama kuna mtu alikuuzia mkoba huu, alikuibia. Huu bandia."

"Sikuuziwa," akasema.

"Afadhali," nikasema, "maana hata bure ni ghali."

Vasco akacheka. Vasco anacheka hata msibani, lakini siku hiyo alipocheka yeye na binamu zake wawili wakafuata, na meza ikawa ndiyo hiyo, wengine wanacheka na wengine wanatazama sahani. Bi Ornella akanyoosha mkono, akachukua mkoba wake, akaufuta kwa kiganja pale nilipokuwa nimeshika, akautia begani na kumwambia binti yake, "Nirudishe nyumbani, mwanangu." Nyama ya pilipili tuliimwaga.

Jioni Lapo akarudi, akasimama mlangoni na koti lake, hakuvua.

"Mama, unajua mkoba ule kaushona nani?"

"Simjui, na asijulikane."

"Babu yake Costanza. Mzee Amerigo. Ameshona Nusumwezi wenu miaka ishirini na miwili, kabla wewe hujajua brashi inashikwaje. Binti yake alipoolewa alitamani mmoja, na mzee hakuwa na uwezo wa kuununua, mshahara wa mwaka mzima usingetosha. Akaomba ngozi ya ndama kwa rafiki yake kiwandani, akaushona mwenyewe nyumbani, juu ya meza ya kulia, miezi minne. Amekufa mwaka juzi. Leo ndiyo mara ya kwanza Bi Ornella anautoa kabatini tangu mazishi. Aliubeba kwa ajili yako. Alimwambia Costanza, 'Mkwe wangu ni mtu wa kazi, yeye ataujua.'"

Mama Zelinda, nilikaa chini. Si kwamba sina moyo. Lakini ikaja ya pili. Costanza akaleta salamu kwamba mama yake kanisani atakuja, ila meza moja na mimi hakai, na asipokaa mama, yeye naye hakai. Na Lapo ananiambia, "Ni maneno mawili tu, Mama. Nenda umwambie ni wa kweli. Nani atakufa?"

Nikamwambia siwezi. Kwa sababu si wa kweli. Nyumba yetu haikuutoa, haina namba yake kitabuni, na marehemu mwenyewe, Lapo alivyosimulia, alikataa kuutia muhuri ingawa alikuwa na muhuri mkononi kila siku, eti alisema, "Muhuri ni wao, mikono ni yangu." Sasa mimi ni nani nikautie? Miaka thelathini na nane kidole changu hakijasema uongo, watu wanarudishiwa au hawarudishiwi fedha zao kwa neno langu. Nikisema ni wa kweli nimedanganya, na nikisema nilikosea nimedanganya mara ya pili. Lapo akanijibu, "Basi tarehe kumi na tatu utatazama picha." Tangu hapo hajaja, Jumapili ya sita hii, na mimi napika kwa ajili ya watu wawili halafu nakula peke yangu.

Naomba uniambie, Mama Zelinda, mtu anaombaje radhi kwa kusema kweli?

Fiorenza, mpaka rangi wa kingo, Scandicci


MAMA ZELINDA ANAJIBU

Dada Fiorenza,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa hiyo nikikuchoma kidogo usishangae. Lakini kwanza pole. Kula peke yako chakula cha watu wawili ni kazi ngumu kuliko kupaka ukingo mara saba, na mjane mwenye mtoto mmoja hastahili kuonyeshwa harusi yake kwenye picha. Na majivuno yako sina ugomvi nayo. Mtu aliyefanya kazi moja vizuri tangu ujana mpaka mvi ana haki ya kutembea kifua mbele. Marehemu mume wangu alikuwa kinyozi, mpaka anaingia hospitali bado alikuwa anatazama visogo vya madaktari na kusikitika. Najua ugonjwa huo, na ndani ya nyumba yangu niliupenda.

Sasa tugombane. Nani alikupa kazi ya ukaguzi Jumapili ile? Mgeni amekuja kula, amekupa kitu chake kwa mikono miwili, na wewe umekifunua kifuniko, umekiingiza kidole mfukoni, umekigeuza ndani nje mbele ya watu kama askari wa forodha. Hata kama mkoba ungekuwa umenunuliwa kwa mchuuzi wa pembeni ya kituo cha treni, kazi yako siku hiyo ilikuwa kupakua nyama. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe dada yangu umejikwaa vyote viwili kwa mpigo mmoja. Na ile ya "hata bure ni ghali" haikuwa ukaguzi. Ile ilikuwa ni kumkata mtu maini, na ukaisema wakati alikuwa ameshakujibu kwa upole.

Unaniuliza mtu anaombaje radhi kwa kusema kweli. Swali zuri, ila si lako. Wewe hukusema kweli.

Bandia ni kitu kinachodanganya. Kinavaa muhuri usio wake na namba ya kuiba, kikakaa dirishani na kukuambia mimi ni fulani. Haya, niambie, mkoba wa Mzee Amerigo umemdanganya nani? Muhuri hauna, umesema mwenyewe. Namba hauna. Mtu alikuwa na muhuri wa nyumba yenu kiganjani kila siku ya kazi, na kwa ajili ya binti yake wa kumzaa akakataa kuugonga, kwa sababu aliheshimu kilicho cha watu na akajua kilicho chake. Bi Ornella naye hakusema ni wa nyumba yenu. Alisema ninao tangu nilipoolewa, nawe umeyaandika maneno hayo kwa mkono wako. Aliyesema ni kazi yako ni Loretta. Kwa hiyo kwenye meza ile hapakuwa na mwongo, mpaka ulipofungua kinywa. Wewe unayeogopa kusema uongo kuhusu mkoba umeshausema, tena mbele ya watu kumi, na huo ndio wa kwanza katika miaka yako thelathini na nane.

Basi kuomba radhi hakutakuharibia jina. Kutakusafishia.

Sasa nakuja kwenye kile ulichokificha. Katikati ya barua, baina ya bitana na muhuri, umeandika kwamba mishono kama ile mkono wako haujawahi kuitoa. Halafu ukaandika "lakini hilo si neno." Fiorenza, hilo ndilo neno lenyewe. Ulishika mkoba ukakuta umekamilika bila rangi, bila wewe, na ukingo wake unateleza, na mshono wake unakupita. Joto lililokupanda shingoni halikuwa la muhuri. Fundi yeyote hupata joto hilo akikutana na mkubwa wake, na si dhambi, nusu yake ni heshima. Dhambi yako ni kwamba ulimtambua mwenzio wa kazi, mkubwa wa kazi, ukamwita mwizi. Na mwanamke yule alikuwa amekuja kwako kwa sababu katika mkoa wote wa Toscana hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuuona mkoba ule ulivyo. Alikuja umwone baba yake. Na ulimwona. Ukanyamaza.

Haya, la kufanya. Lisikilize vizuri, usiniongezee mapambo.

Jumamosi hii nenda Santa Croce. Peke yako. Usimtume Lapo wala usimtumie Costanza salamu, watoto hao umeshawatwisha mzigo wa kutosha. Usibebe mkoba mpya wa nyumba yenu kama zawadi, najua wazo hilo limekupitia, lifukuze, utakuwa unamwambia tupa cha baba yako nikupe cha kweli. Usipeleke brashi wala rangi, eti umsaidie ukingo. Mikono mitupu. Akifungua mlango, usianze na "sikujua." Ulijua. Mwambie hivi: nilishika mkoba wa baba yako, nikaona kazi inayonizidi, nikaona wivu, nikakutukana. Basi. Akikufungia mlango, kaa kizingitini robo saa, kisha andika maneno hayohayo kwenye karatasi, uipitishe chini ya mlango, urudi Jumamosi inayofuata. Akikukaribisha, muulize habari za baba yake, na yeye akiongea wewe usilete habari za karakana yako hata moja. Najua itakuwasha. Jikaze.

Mkoba usiuguse mpaka akupe mwenyewe. Huenda asikupe siku hiyo. Ni haki yake.

Lakini usidhani mambo yataishia kizingitini. Hilo ndilo kosa la wengi wanaoniandikia, wanatukana barazani na kuomba radhi chumbani. Wewe ulimvua nguo mbele ya watu, kamvishe mbele ya haohao. Kabla karakana hazijafungwa kwa Agosti, waite tena wote kumi, wakae viti vilevile, hata hao binamu wawili. Vasco mkalishe karibu nawe, umnyime divai mpaka umalize. Kama Bi Ornella atakubali kuja na mkoba wake, simama kabla hujapakua chochote. Lapo anataka useme ni wa kweli. Usiseme, hapo uko sawa, mwanao hajui anachoomba. Wewe sema unachokijua, kwa sauti ileile ya meza ya ukaguzi ambayo wote wanaiamini: "Nilisema mkoba huu bandia, nikakosea. Haukutoka kwetu. Kwetu hakuna tena mtu anayeweza kushona hivi."

Itakuuma kuyatamka. Yatamke, ukae, na usimtazame Loretta.

Mama Zelinda